Nani Hafiki Dirishani? Jinsi ya Kukagua Usawa wa Huduma Katika Kata, Mtaa na Kijiji

Ofisi nyingi za kata zina bango la Mkataba wa Huduma kwa Mteja ukutani, na chini yake sanduku la maoni lenye kufuli. Sanduku likifunguliwa huwa tupu, na taarifa ya robo mwaka huandikwa "hakuna malalamiko". Hapo ndipo ukaguzi wa usawa unapopotea njia tangu mwanzo. Anayelalamika ni yule aliyefika akakosa. Ambaye hakufika kabisa, kwa sababu ya ngazi, lugha, nauli, au kwa sababu mara ya mwisho aliambiwa "kamlete mumeo", hana hata karatasi moja pale ofisini. Mwongozo huu ni wa kumtafuta huyo.

Umeandikwa kwa ajili ya watendaji wa kata, mitaa na vijiji, maafisa maendeleo ya jamii na wajumbe wa kamati mkoani Dodoma na mikoa ya jirani. Mazingira hayafanani: mtaa wa Chang'ombe au Nkuhungu jijini ni wa watu waliobanana, ilhali Chemba au Bahi kitongoji kimoja kinaweza kuwa mbali na ofisi ya kijiji kiasi cha kumla mtu asubuhi nzima kwa miguu. Kazi yenyewe haihitaji fedha za mradi. Inahitaji daftari, siku kama kumi zilizotawanywa ndani ya miezi mitatu, na mtendaji aliye tayari kusomewa hesabu asizozipenda.

Kuhusu sheria, machache yanatosha kuwa nayo kichwani. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza mtu yeyote mwenye mamlaka kumbagua mwananchi katika kutekeleza kazi za mamlaka hayo, na muhuri wa mtendaji ni mamlaka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inataka huduma na majengo ya umma yafikike, na inataka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, ndiyo iliyoleta mikopo ya asilimia kumi kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mengine yatajitokeza yanapohitajika.

Anza na huduma moja

Usikague ofisi nzima. Ukijaribu kupima kila kitu kwa mara moja utaishia na jedwali zuri lisilomgusa mtu. Chagua huduma moja ambayo watu wanaihitaji kweli na ambayo ina rekodi: barua ya utambulisho, msamaha wa matibabu kwa wazee, mikopo ya vikundi, hatimiliki ya kimila, au usajili wa vizazi. Kama hujui uanzie wapi, anza na barua ya utambulisho. Inaonekana ndogo, lakini ndiyo mlango wa mengine yote: benki, kitambulisho cha taifa, dhamana polisi, shule, hata laini ya simu ikileta matatizo. Aliyenyimwa barua amenyimwa mambo matano kwa pamoja.

Kisha tazama daftari linalotumika sasa. Kwa kawaida lina tarehe, jina, anakotoka, shida yake na saini. Ongeza safu nne tu:

Jinsia na umri. Umri uwe kwa makundi: chini ya 18, 18 hadi 35, 36 hadi 59, 60 na zaidi.

Aliyekuja ni nani, na mwenye shida ni nani. Mume anayemfuatilia mkewe barua ataandikwa kama mteja mwanamume, na hesabu yako itakuwa ya uongo bila mtu yeyote kudanganya.

Kitongoji au mtaa mdogo anakotoka.

Ameondoka na nini: amehudumiwa, ameambiwa arudi kesho, amekosa karatasi fulani, ameelekezwa kwingine. Hii ndiyo safu yenye thamani kuliko zote, na ndiyo ambayo karani ataipenda kidogo kuliko zote. Mweleze mapema kuwa haipimi yeye.

Jaza kwa miezi mitatu. Halafu linganisha na idadi ya wakazi kutoka daftari la wakazi la mtaa au takwimu za Sensa ya 2022 za kata yako. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaa una watu wazima 1,200, wanawake wakiwa 640, yaani kama asilimia 53. Daftari la miezi mitatu lina wateja 90. Kwa uwiano wa wakazi, wanawake wangekuwa 48. Wako 32. Pengo ni watu 16, na sasa una swali la kuuliza: wale 16 wako wapi? Ikiwa wateja hawafiki 30, achana na asilimia. Mtu mmoja anayumbisha hesabu nzima. Endelea kujaza hadi miezi sita.

Fanya hivyo hivyo kwa vitongoji. Mara nyingi pengo kubwa halipo kati ya wanaume na wanawake. Lipo kati ya kitongoji chenye ofisi na kile cha mwisho kabisa, ambako wanaishi wafugaji Wamang'ati au Wamasai na ambako mwenyekiti hafiki hadi wakati wa kampeni.

Kuuliza kuhusu ulemavu

Ukimuuliza mtu "wewe ni mlemavu?" utapata majibu mawili tu: hapana, au hasira. Bibi wa Kongwa ambaye haoni vizuri atakwambia ni uzee tu. Na Kongwa, kama sehemu nyingine za Dodoma, trakoma iliwaharibia macho watu wengi kwa miaka mingi, kwa hiyo "uzee tu" huficha mengi.

Uliza juu ya kinachomsumbua kukifanya. Maswali sita yanayotumika kwenye sensa na tafiti duniani ni haya: je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani? Kusikia, hata ukitumia kifaa? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka au kuzingatia jambo? Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Kuwasiliana, yaani kueleweka na kuelewa wengine kwa lugha yako ya kawaida? Majibu ni manne: hapana shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa. Aliyejibu "shida kubwa" au "siwezi kabisa" hata kwa swali moja anahesabiwa. Ni dakika mbili. Yaulize mwisho wa huduma, si mwanzo, ili mtu asidhani jibu lake ndilo linaloamua kama atahudumiwa.

Orodha hiyo isibandikwe ubaoni wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za namna hii, na kwa watu wenye ualbino kutaja jina na mahali wanapoishi ni suala la usalama wa maisha. Kinachopelekwa kwenye kikao ni idadi, bila majina.

Tembea njia ya mteja

Hesabu inakwambia nani hayupo. Haikwambii kwa nini. Kwa hilo, toka ofisini. Chagua watu wanne kutoka kundi lililopungua na ufuatane na kila mmoja kutoka nyumbani kwake hadi anapopata, au anapokosa, alichofuata. Andika saa alipotoka, nauli ya bodaboda, karatasi alizoombwa, mara ngapi ameambiwa arudi, nani alizungumza kwa niaba yake. Hakuna semina inayofundisha kama safari moja ya namna hii.

Kinachojitokeza mara kwa mara katika eneo letu ni haya.

Karatasi inayoomba karatasi. Mtu anafuata barua ili apate kitambulisho, anaambiwa alete kitambulisho ili apewe barua. Tiba yake ni kuandika, kwenye karatasi moja iliyobandikwa mlangoni, njia mbadala ya kumthibitisha mtu: mwenyekiti wa kitongoji, au majirani wawili wanaojulikana. Njia hiyo isiachwe kwenye hiari ya aliyeko zamu.

"Mchango wa ofisi." Fedha yoyote inayotolewa bila stakabadhi ya mashine au namba ya malipo inamfukuza maskini kabla ya mtu mwingine yeyote, na haionekani popote kwenye daftari. Andika ubaoni kwa tarakimu kubwa: huduma hii ni bure, au huduma hii ni shilingi kadhaa na stakabadhi utapewa.

Siku na saa. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Katika miezi hiyo watu wako shambani na mtama, uwele, karanga na alizeti. Kumuita mama kikaoni saa 4 asubuhi mwezi Januari ni kumwambia asije. Kiangazi wafugaji wanahama na ng'ombe kutafuta maji na malisho. Siku ya mnada hakuna atakayebaki nyumbani, ingawa hiyo hiyo ni siku nzuri ya kupeleka meza ya huduma mnadani. Ijumaa mchana usipange kitu Kondoa. Jumamosi kuna Wasabato, Jumapili wengine wako kanisani.

Lugha. Hili linadharauliwa kwa sababu tunaamini kila mtu anajua Kiswahili. Kiswahili cha sokoni, ndiyo. Kiswahili cha ofisini ni lugha nyingine. Wazee wa Kigogo, Kirangi, Kisandawe na Kiburunge, na wanawake wengi wa jamii za wafugaji, husikia salamu na bei bila taabu, lakini "vigezo vilivyoainishwa" vinawapita juu ya kichwa. Kuna hatua mbili.

Kwanza safisha tangazo lenyewe. Badala ya "Wananchi wanaostahiki msamaha wa matibabu wanatangaziwa kuwasilisha maombi yao kwa kuzingatia vigezo na utaratibu uliowekwa", andika: "Mzee wa miaka 60 au zaidi usiye na uwezo wa kulipia matibabu: njoo ofisi ya kata Jumanne au Alhamisi, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Leta kitambulisho. Kama huna, njoo na mwenyekiti wa kitongoji. Hulipi chochote." Herufi ziwe za ukubwa wa pointi 18 kwenda juu, nyeusi kwenye karatasi nyeupe, wenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, watasoma, na wengine wote watanufaika.

Pili, pata mkalimani anayefaa. Asiwe mwenyekiti, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayelalamikiwa. Asiwe mtoto wa mteja, kwa sababu mama hatasema mbele ya mwanawe kuwa baba yake amempiga. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeaminika hufaa zaidi. Mwambie atafsiri kila neno bila kufupisha. Mkalimani akizungumza nusu ya muda aliozungumza mteja, kuna kilichoachwa. Na kama wewe si mwenyeji, jifunze walau salamu. "Mbukwenyi" ikitoka kinywani mwa mtendaji mgeni hufungua maongezi ambayo fomu haiyafungui.

Kwa viziwi, jambo la kwanza ni kukubali kuwa kuandika hakutoshi. Wengi hawakupata shule ya kutosha, na Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, si Kiswahili cha mikono. Uliza Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) mkoani kuhusu mkalimani wiki mbili kabla ya kikao. Wakati wa mazungumzo mtazame mteja, si mkalimani, na usikae na dirisha mgongoni kwako, maana uso wako utakuwa giza. Kwa asiyeona, soma waraka wote kwa sauti kabla hajaweka dole gumba, kisha mpe nakala. Kusomewa "kwa kifupi" ndiko kulikowafanya wengi wadhamini mikopo wasiyoijua.

Ngazi, mlango, choo

Ofisi nyingi za kata zimeinuliwa juu ya msingi kwa ajili ya maji ya mvua, hivyo kuna ngazi mbili au tatu. Njia ya mteremko ni kazi ya siku chache, lakini karibu kila mahali inajengwa vibaya kwa kosa lile lile: fundi anaijenga kwa kadiri ya nafasi aliyoiona, si kwa kadiri ya kimo.

Kanuni ni 1 kwa 12. Kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo mteremko uwe na urefu wa mita 5.4. Fundi akikujengea mita 2 kwa kimo hicho, amekujengea bembea ya kuteleza; mwenye kiti mwendo hataupanda peke yake na atashuka kwa hofu. Nafasi ikiwa ndogo, ugawe vipande viwili vinavyogeuka, na katikati weka sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5. Sehemu bapa kama hiyo iwepo pia juu, mbele ya mlango, la sivyo mtu atalazimika kuvuta mlango huku kiti kinarudi nyuma.

Upana uwe mita 1.2, chini ya sentimita 90 haufai. Weka ukingo wa sentimita 10 pembeni ili gurudumu lisitoke, na vishikio kwa kimo cha sentimita 90 pande zote mbili. Zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linatosha. Kabla halijakauka pitisha ufagio mgumu kwa kukata njia ili liwe na mikwaruzo. Usikubali vigae vinavyong'aa hata kama vimetolewa bure na mhisani. Jua na upepo wa Dodoma hukausha zege haraka mno likapasuka, hivyo lifunike kwa magunia na ulimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90. Meza ya kuhudumia iwe na sehemu yenye kimo cha sentimita 75 hadi 80, na nafasi ya magoti chini yake. Choo kiwe na mlango unaofunguka nje, vishikio ukutani na nafasi ya kugeuza kiti. Choo chenye alama nzuri ya kiti mwendo kilichogeuzwa stoo ya mafagio ni jambo la kawaida kuliko inavyopaswa. Kague kwa kuingia, si kwa kusoma alama.

Fedha zikiwa hazijapatikana, meza chini ya mwarobaini nje ya ofisi ni bora kuliko kumbeba mtu mzima mgongoni. Lakini iwe upande wa nyuma au pembeni, kwa sababu anayekuja kueleza kipigo au maradhi hatataka foleni nzima isikie. Kivuli kiwepo kweli: kikao cha saa mbili juani kwa mtu mwenye ualbino kinamdhuru ngozi.

Mkutano mkuu wa kijiji

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Kuhudhuria na kusikika ni mambo mawili tofauti. Mpe mtu daftari ahesabu si waliokuja tu, bali waliozungumza, na kila mmoja dakika ngapi. Mara ya kwanza utashangaa.

Mambo machache hubadilisha picha haraka. Tangazo litoke siku saba kabla, kwa kipaza sauti, msikitini, kanisani, kwenye gati la maji na mnadani. Ukibandika karatasi ofisini, wataisoma wanaokuja ofisini. Wanawake wasikae nyuma chini huku wanaume wakiwa kwenye viti mbele; panga nusu duara. Kabla ya kuamua jambo zito, gawa mkutano kwa dakika 20 katika makundi ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, kila kundi lichague msemaji wake. Kura za mambo yanayogusa familia zisiwe za kunyosha mikono. Mke hatanyosha mkono kinyume cha mumewe aliyekaa mita tatu kutoka kwake.

Na muhtasari uandike nani alipendekeza nini. Muhtasari usemao "wajumbe walikubaliana kwa pamoja" hauna kazi kwa mkaguzi wa usawa.

Mikopo ya asilimia kumi

Hapa kuna fedha, kwa hiyo hapa ndipo ujanja unapokuwa mwingi. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na ukarejea mwaka 2024. Kanuni zimebadilika zaidi ya mara moja, kwa hiyo idadi ya wanakikundi na umri vichukuliwe kwenye kanuni zinazotumika siku hiyo mezani kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, si kwenye fotokopi iliyozeeka.

Kikundi kinahitaji usajili, katiba, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, muhtasari wa kuomba mkopo na andiko la biashara. Kila moja ni kikwazo kwa mtu fulani. Katiba huandikwa na "mtaalamu" wa stesheneri kwa malipo, ikinakiliwa kutoka kikundi kingine hadi jina la zamani linasahaulika ukurasa wa nne. Afisa akitoa kielelezo cha kurasa tatu chenye nafasi za kujaza, gharama hiyo inakufa. Benki huweza kumzungusha asiyeona kwa sababu ya saini. Nenda naye mara moja, ukiwa na barua, uzungumze na meneja. Andiko la biashara lipokelewe hata likisimuliwa kwa mdomo na afisa akaliandika.

Ile asilimia 2 mara nyingi hubaki, na maelezo huwa "hawajitokezi". Angalia tangazo lilipitia wapi. Kama lilipitia kundi la WhatsApp na ubao wa kata iliyo na ngazi tatu, hawakuambiwa. Pitisha taarifa kwa CHAVITA, Chama cha Wasioona (TLB), Chama cha Watu wenye Ualbino (TAS), wazazi wa wanafunzi wa vitengo maalum na shule kama ile ya wasioona ya Buigiri, Chamwino, pamoja na redio za hapa Dodoma.

Upande wa pili kuna vikundi hewa. Wanaume watano wa biashara moja huandikisha wake zao. Au mtu mmoja mwenye ulemavu anatangulizwa kama chambo, apewe elfu ishirini siku ya picha. Kipimo ni rahisi. Kutana na kila mwanachama peke yake, dakika tano, muulize matatu: mnafanya biashara gani hasa, fedha inatunzwa wapi na nani anazitoa, rejesho la kila mwezi ni kiasi gani. Mmoja akishindwa, huenda hakufundishwa. Wakishindwa watatu, hicho si kikundi. Fanya mahojiano kabla ya kupitisha. Baada ya fedha kutoka utakuwa unaandika taarifa ya madeni.

Kwa vikundi vilivyokwisha kukomaa kuna fursa inayosahaulika: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imetenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Lazima kikundi kijisajili kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao. Kikundi cha kushona cha akina mama hakitajisajili kwa simu ya kitochi. Siku moja ya kompyuta ya kata inatosha kwa vikundi vitatu au vinne.

Ardhi

Hatimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji, na kosa hutokea wakati wa kujaza fomu, si wakati wa kusaini. Karani anauliza "mkuu wa kaya nani?" na jina la mke linaishia hapo. Badilisha swali: shamba hili linalimwa na nani, na nani wengine wana haki ndani yake? Majina yote yaandikwe. Katika kaya yenye wake zaidi ya mmoja, kila mke ana shamba lake analojulikana nalo. Kuyaunganisha yote chini ya jina la mume kunaandaa kesi ya siku ya msiba. Mjane azungumze nawe bila shemeji yake kukaa pembeni. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu ardhi, kwa hiyo "mila zetu haziruhusu" si jibu la ofisi.

Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, na wanawake wawe 3. Kague mahudhurio, si orodha. Baraza lenye wanawake watatu kwenye karatasi na mmoja kikaoni, tena akiwa ndiye mpika chai, halijatimia.

Malalamiko

Sanduku likae zahanati au karibu na gati la maji, si kwenye korido ya mtendaji. Liwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mtendaji, mwingine kwa mjumbe mwanamke au wa kamati ya watu wenye ulemavu. Lifunguliwe kila wiki mbili mbele ya watu watatu, kila karatasi ipewe namba, na majibu yabandikwe kwa namba bila majina. Wiki mbili zikipita bila jibu, watu huacha kuandika, na hawarudi tena.

Wasioandika ni wengi kuliko wanaoandika. Kwa hiyo omba dakika kumi mwishoni mwa vikao vya vikoba, mtendaji asiwepo, afisa mmoja aandike wanayosema. Ikiwa mwananchi ameomba taarifa kwa maandishi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 za kumjibu. Kisichotatuliwa kwenye kata kinakwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Suala la ubaguzi au uonevu linaweza pia kupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo makao yake makuu yako hapa Dodoma.

Kuingiza kwenye bajeti na kuhesabu tena

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini milango ya bajeti hufungwa mapema zaidi. Mapendekezo ya kijiji na mtaa yafike Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya Desemba kwisha, yakiwa na bei. "Kuboresha mazingira ya watu wenye ulemavu" huondolewa kwenye mstari wa kwanza wa mkasi. "Mteremko wa zege mita 5.4 kwa 1.2, saruji mifuko kadhaa, vishikio vya bomba, ufundi" ni vigumu kuukata, maana aukataye anajua anachokikata. Weka vilevile posho ya mkalimani wa lugha ya alama kwa mikutano minne ya mwaka, na mafuta ya pikipiki ya kupeleka muhuri na daftari kwenye kitongoji cha mbali siku moja kila mwezi. Hiyo ya mwisho ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoziba pengo kubwa kwa haraka.

Hesabu ya pili ifanyike kwa safu zile zile na katika miezi ile ile ya mwaka unaofuata. Ukilinganisha Februari, watu wakiwa palizini, na Agosti, mavuno yakiwa ghalani na kila mtu ana nafasi ya kwenda ofisini, utaona wateja wameongezeka na utadhani ni mteremko wako.